Baja 5B ya mtumba, injini ya 23 imechoka: niweke 26, 29 au nitengeneze hiyohiyo?

mzee_wa_vumbi
Wakuu habari za jioni. Nina HPI Baja 5B, zile gari kubwa za rimoti za skeli ya 1/5 zinazotumia petroli, ndugu yangu kaniletea mtumba kutoka Uingereza. Bodi nzima, shoku ziko poa, tatizo ni injini, ile 23 (yani cc 23) iliyokuja nayo toka kiwandani. Kompresheni hakuna, ukivuta kamba inakuja laini tu, asubuhi inawaka vizuri ila ikishapata moto ukaizima ndo basi mpaka ipoe kabisa. Nimezunguka mtandaoni nimechanganyikiwa, huyu anasema 26 ya kampuni ya Zenoah, huyu 29 ya kampuni ya CY, mwingine anasema nenda 32 kabisa usije ukajuta, mwingine anasema ukiweka kubwa utamaliza gia. Matumizi yangu ni uwanja wa vumbi na kuruka matuta, niko Arusha, sio mashindano. Naombeni ushauri, na je zinaingia palepale au mpaka kuchomelea mauntingi? Fundi pikipiki wa hapa kwetu kila akiiona anacheka tu.

kabureta_safi
Mkuu toa hofu ya kuchomelea. Hizi injini za familia ya Zenoah zote zina mwendo wa pistoni uleule, milimita 28, kinachobadilika ni upana wa silinda tu. 32 mm inakupa 22.5 cc ndo hiyo wanaita 23, 34 mm ni 25.4, 36 mm ni 28.5, na 38 mm ni 31.8 ambayo Zenoah wanaiita G320. Kwa nje zinakaribia kufanana na matundu ya bolti yako palepale, kwa hiyo unachomoa moja unachomeka nyingine. CY nao wametengeneza kwa kufuata vipimo hivyohivyo.

Sasa kuhusu ukubwa, watu wengi wanaokushauri wako Ulaya usawa wa bahari halafu wewe uko Arusha mita 1,400, hapo hewa ni kama asilimia 85 ya ile ya Dar na injini haina turbo ya kufidia. Piga hesabu, 26 ukiipeleka huko inafanya kazi kama 22 hivi ya huku pwani, na 29 inakuwa kama 24 na ushee. Yani wewe ukifunga 29 hujaongeza wazimu wowote, umerudisha tu kile mlima umekunyang'anya na kidogo juu. Ningekuwa wewe ningeweka 29 ya bolti nne. Hiyo 32 achana nayo, kwa gari ya kilo kama 10 inayovuta matairi ya nyuma tu utakuwa unachimba mashimo uwanjani.

Ila angalia kitu kimoja, kuna silinda zinazoshikwa na bolti mbili na zinazoshikwa na bolti nne. Ya kwako ya zamani nina uhakika ni mbili. Usije ukanunua silinda ya bolti nne peke yake ukidhani utaivalisha kwenye ile sehemu yako ya chini yenye krenki, haikai.

turbo_kijiweni
Acheni kumtia jamaa hasara, weka ekzosi ya michezo kwenye hiyo 23, ile paipu ndefu yenye tumbo, utaona moto. Nusu ya bei na nguvu inapanda

kabureta_safi
@turbo_kijiweni kasema kompresheni hakuna. Paipu itamsaidia nini, kupiga kelele? Isitoshe paipu za namna hiyo nguvu yake iko juu kwenye mizunguko mingi, kwa mtu wa matuta anayetoka kwenye kona taratibu anataka nguvu ya chini.

fundi_wa_pawasoo
Sasa wadau. Mimi niko Nakuru, kazi yangu ni pawasoo na mashine za kukata nyasi, na hizi za magari ni ndugu yao wa damu, kabureta ni ya kampuni ya Walbro ileile ya diafram (utando mwembamba unaovuta mafuta), plagi ndogo, kamba ya kuvuta, kila kitu. Kwa hivyo bro huyo wa pikipiki mwache acheke, tafuta mtu wa brashi-kata (mashine za kufyeka nyasi), huyo ataielewa hiyo kitu dakika moja.

Lakini kabla ununue chochote fungua ekzosi, ni bolti mbili tu, chukua tochi umulike ndani huku ukizungusha taratibu uone pistoni. Ukiona mikwaruzo mirefu ya kusimama upande huo wa ekzosi, injini ilikimbizwa na mafuta kidogo ama oili kidogo. Halafu toa kabureta uangalie upande wa pili. Pistoni ikiwa imefifia upande wa kabureta, imepoteza ule mng'aro, imekuwa rangi ya majivu hivi, hiyo ni vumbi imeingia kwa filta. Hizo ni kesi mbili tofauti kabisa na dawa zake ni tofauti. Enda uangalie kisha utuambie.

mzee_wa_vumbi
Nimefungua mkuu. Upande wa ekzosi ipo safi, ina mistari midogo tu. Upande wa kabureta imepauka kabisa, na ukipitisha kucha unasikia mikwaruzo. Na kwenye koo la kabureta nimefuta na kidole kikatoka na unga mwekundu.

MwanaMaskati
Assalam alaykum jamaa. Hapo ndugu yangu umeshajijibu, injini yako imekula mchanga. Sisi huku Muscat tunazitia kwenye matuta ya jangwani na nakwambia hata uweke injini ya dhahabu, filta ikiwa mbovu haimalizi msimu. Usifunge injini mpya juu ya filta ile ile, utaiua kama ulivyoiua hii, au tuseme aliyeiuza ndiye aliyeiua.

Filta ya sponji iwe ya tabaka mbili, uitie oili ya filta uikamue mpaka rangi iwe sawasawa kote, isiwe inachuruzika wala isiwe na mahala pakavu. Kisha pale filta inapokalia, kwenye ule mdomo wa plastiki, paka grisi mstari mwembamba mzunguko mzima. Mchanga aghlabu haupiti kwenye sponji, unapita pembeni pale. Ukimaliza kucheza fungua utazame ndani ya mdomo, pakiwa na hata chembe basi panapitisha. Na ule mfuniko wa kamba ya kuvuta nao uusafishe, matundu yakiziba injini inakosa upepo wa kupozea.

Na jengine, tia kile kifaa cha kuzima injini rimoti ikipoteza mawimbi. Kilo 10 zinazokwenda bila ya mwenyewe si mchezo, hasa pakiwa na watoto.

fundi_wa_pawasoo
Kama ni vumbi basi usiweke silinda mpya kwa ile ya chini ya kitambo, huo unga umeshapita kwa beringi za krenki. Nunua injini nzima.

Sasa kufunga. Kwanza kutoa klachi ya zamani, usiingize bisibisi kwa feni ya fulai-wili (lile gurudumu zito la krenki) kuizuia, utavunja pezi. Toa plagi, zungusha mpaka pistoni ikianza kupanda iwe imeshafunika tundu la ekzosi, halafu shindilia kamba laini ya nailoni kupitia tundu la plagi, acha mkia nje. Pistoni itasimama kwa hiyo kamba na utafungua klachi bila shida. Ukiingiza kamba kabla ekzosi haijafungika, itanaswa pale kwa mdomo wa tundu na utakuwa na kazi ingine.

Pili, gasketi za kabureta. Angalia vizuri kuna kitundu kidogo pembeni ya tundu kubwa. Hicho ndicho kinapitisha pumzi ya krenki kwenda kusukuma diafram ya kabureta ivute mafuta. Ukigeuza gasketi ama kile kipande cheusi cha plastiki, kitundu kinazibwa na utavuta kamba hadi bega liume, petroli haitoki kwa tangi. Watu wengi huniletea mashine wakisema kabureta imekufa na ni hiyo tu.

Tatu, nafasi kati ya koili ya moto wa plagi na fulai-wili ni milimita 0.3, na plagi kama ni CMR7H weka mwanya wa milimita 0.6 hadi 0.7. Bolti zote zinazoingia kwa alumini paka gundi ya nyuzi ya bluu, si nyekundu, nyekundu utahitaji moto kuifungua.

mzee_wa_vumbi
Aisee mmenifungua macho. Basi nimekata shauri 29 ya bolti nne, nzima. Maswali mawili, gia nibadilishe? Na kabureta, yangu imeandikwa namba ya modeli 668, naweza kuihamisha au ninunue ile modeli 990?

kabureta_safi
Inategemea injini itakuja na nini, nyingi za 29 zinakuja na kabureta yake. 990 ina koo pana zaidi, kwa 29 ndo inapumua vizuri, 668 itafanya kazi ila huko juu itaikaba. Hiyo yako imelishwa vumbi, ioshe uiweke kama spea.

Gia anza na hizohizo 17/57, yani meno ya gia ndogo na ya kubwa. Kwenye Baja injini haisogei kwa hiyo gia zinakwenda kwa jozi, 17/57, 18/56, 19/55, jumla lazima ifike 74. Ukiona inafika mwisho wa sauti mapema kwenye moja kwa moja ndo uende 18/56. Angalia pia klachi, viatu vikiwa vimeng'aa kama kioo 29 itavitelezesha mpaka kengele ya klachi (kile kikombe kinachovifunika) ibadilike rangi ya bluu.

Kuseti kabureta anza na skrubu zote mbili, L ya mafuta ya mizunguko ya chini na H ya juu, mzunguko mmoja na robo kutoka ilipofunga. Mchanganyiko 25 kwa 1, yani mililita 40 za oili ya tu-stroki kwa kila lita ya petroli, na matangi ya kwanza usiishikilie full. Huko kwako utaishia kuifunga H kidogo sababu hewa ni nyepesi, ila ifunge kidogo kidogo, usimalize, sauti ya juu ibaki na ule ugugumizi kidogo. NA USISAHAU ukija nayo Dar au Tanga likizo uifungue tena kabla hujaiwasha. Ile seti ya Arusha ukiileta pwani mafuta yanakuwa machache, na hapo sasa ndo ule upande wa ekzosi uliousifia leo unakwanguka.

turbo_kijiweni
Sasa na hiyo 23 ya zamani unaiuza? Nina brashi-kata inataka fulai-wili

mzee_wa_vumbi
Njoo PM, ila koili siuzi, nabaki nayo kama spea.