Shotigani ya pampu kwa ulinzi wa nyumbani: ninunue ipi, na niifanyie marekebisho gani?

MkaziWaHouston

Wakuu, heshima kwenu. Ninaishi Houston, Texas, pamoja na mke wangu na watoto wawili, mmoja ana miaka tisa na mwingine minne, katika nyumba ya mbao ambayo kuta zake za ndani ni za jipsamu kama zilivyo nyumba nyingi za huku. Majirani zetu wawili wamevunjiwa usiku wakiwa ndani, na baada ya hapo mimi na mke wangu tumekubaliana kununua bunduki moja ya kujilinda. Nimeelekea kwenye shotigani ya pampu, ile ambayo kishikio cha mbele huvutwa na kusukumwa ili kuingiza risasi, kwa sababu bei yake ni nafuu, haina mambo mengi ya kuharibika, na Texas haidai kibali cha jimbo kwa anayeinunua. Uzoefu wangu wa silaha ni gobore la babu lililotundikwa ukutani kule Tabora, ambalo hata kuligusa tulikatazwa, hivyo naomba mnichukulie kama mwanafunzi.

Ninasikia majina ya Remington 870, Mossberg 500 na 590, na Maverick 88, lakini sioni tofauti ya maana zaidi ya bei. Dukani nilioneshwa moja iliyojaa taa, mkanda na vishikio vya risasi kila upande, na nyingine isiyo na kitako kabisa, ina mpini mfupi tu kama wa bastola. Je, ni vipi kati ya hivyo vina kazi kweli? Na risasi za aina gani zinafaa ikiwa chumba cha watoto kiko ng'ambo ya korido? Niongeze kwamba mimi nina kadi ya kijani, bado sijapata uraia, na kwamba mke wangu ana umbo dogo, naye ndiye anayebaki na watoto ninapokuwa zamu ya usiku.

KaraniWaDuka

Ndugu yangu, karibu. Mimi kazi yangu ni kuuza bunduki, kwa hiyo nitaanza na karatasi kabla ya chuma. Mwenye kadi ya kijani anaruhusiwa na sheria ya shirikisho kununua na kumiliki bunduki, na kwa bunduki ndefu kama shotigani umri unaotakiwa dukani ni miaka 18. Utajaza fomu namba 4473, utaandika namba yako ya uhamiaji, utaonesha kitambulisho chenye anwani unayoishi sasa, kisha duka litawasiliana na mfumo wa FBI wa kuwachunguza wanunuzi. Majibu hutoka kwa dakika chache, au huahirishwa kwa siku kadhaa. Ukiambiwa usubiri, hujakataliwa. Jaza kila kipengele kwa ukweli, kwa kuwa uongo kwenye fomu hiyo ni kosa la jinai.

Wanaopaswa kuwa waangalifu zaidi ni ndugu zetu walioko hapa kwa viza za muda, za masomo au za kazi. Sheria kwa jumla inawakataza kumiliki bunduki na hata risasi, isipokuwa kwa sababu chache zilizotajwa, kama kuwa na leseni halali ya uwindaji. Kama mke wako bado yuko kwenye viza ya namna hiyo, muoneni mwanasheria wa uhamiaji kabla hamjatoa hata dola moja, maana bunduki anayoweza kuifungulia sefu mwenyewe inaweza kuhesabiwa kuwa iko mikononi mwake, na makosa ya silaha ni miongoni mwa yale yanayoweza kumwondoa mtu Marekani hata akiwa na kadi ya kijani.

Sasa chuma. Remington 870 imetengenezwa tangu 1950 na zimeuzwa zaidi ya milioni kumi, lakini kampuni iliyokuwa ikiitengeneza ilifilisika 2018 na tena 2020, kisha kazi ikahamia kwa wamiliki wapya. Wateja wangu wanaoijua hutafuta zile za zamani zilizostaafu kazini polisi, ambazo kwa nje zimechubuka lakini kwa ndani ni laini kama mafuta. Mossberg 500 ilianza miaka ya mwanzo ya 1960, na 590 ni ndugu yake mwenye bomba la risasi linalofunguka kwa mbele, jambo linalorahisisha usafi na kubadilisha springi. Maverick 88 hutoka kwa kampuni hiyohiyo ya Mossberg, kwa kawaida huuzwa chini ya dola 300, na mitutu yake mingi huingiliana na ya 500.

Tofauti utaiona kwa mikono. Kitufe cha usalama cha Mossberg kiko juu, nyuma ya mwili wa bunduki, pale kidole gumba kinapolala, hivyo anayetumia mkono wa kushoto hana shida nacho. Cha Remington kiko nyuma ya kifyatulio na husukumwa kwa kidole kutoka upande mmoja kwenda mwingine, na cha Maverick kiko mbele ya kifyatulio. Ukijaza risasi kwa chini, ulimi wa kuinulia risasi wa Mossberg umeshajikunja juu na njia iko wazi, ilhali wa 870 unabaki chini na lazima uusukume kwa risasi yenyewe, nao una tabia ya kubana gumba la mtu aliyekuwa na haraka. Kwa mtu anayeanza, mimi ningekupa Mossberg 500 yenye mtutu wa inchi 18.5, inayobeba risasi tano kwenye bomba, na ningekushauri uiache ilivyo.

MlengaShabaha

Nakubaliana na Karani kuhusu 500, ila sikubali kwamba iachwe ilivyo. Kuna kitu kimoja ambacho bunduki ya nyumbani haitakiwi kukikosa, nacho ni taa. Uvamizi wa usiku hutokea gizani, na mtu aliyesimama koridoni anaweza kuwa mwizi, anaweza kuwa mtoto wa miaka tisa aliyeamka kwenda chooni. Zipo taa zilizojengwa ndani ya kishikio cha pampu chenyewe, kama TL-Racker ya Streamlight yenye mwanga wa lumeni 1,000, ambayo huwashwa kwa mkono uleule unaokoki, yaani unaovuta na kusukuma pampu. Mwanga huo ukiumulika kwenye dari nyeupe hujaza chumba chote, kwa hiyo unamtambua mtu bila kumwelekezea mtutu. Aliyezoea kutafuta kwa kumulika usoni atamnyooshea bunduki kila anayeishi naye. Angalizo kwa wanaopenda Maverick: katika nyingi kati ya hizo kishikio cha pampu kimeunganishwa na vyuma vyake, na ili kufunga cha taa inabidi ununue na sehemu ya ndani, hivyo ule unafuu wa bei unapungua.

Kitu cha pili ni kishikio cha risasi za akiba ubavuni. Chukua kile cha kitambaa cha kunyumbuka kinachobandikwa na kubanduliwa, kwa sababu vile vya chuma hufungwa kwa skrubu zinazopita kwenye mwili wa bunduki, na zikikazwa kupita kiasi kwenye 870 pampu huanza kuwa nzito. Mkanda wa begani ndani ya nyumba hunasa kwenye vitasa vya milango. Lenzi ya nukta nyekundu ni nzuri, lakini kwa umbali wa korido kile kishanga kilichoko mwisho wa mtutu kinatosha.

Ile isiyo na kitako iache hapohapo dukani. Katika filamu inapendeza, lakini mkononi mrusho wote, yaani ule msukumo wa bunduki kurudi nyuma inapofyatuliwa, unaishia kwenye kifundo na kulenga kunakuwa kubahatisha. Usije pia ukashawishika kufupisha mtutu, kwa kuwa Sheria ya Taifa ya Silaha ya 1934 inataka mtutu wa shotigani usipungue inchi 18 na bunduki nzima isipungue inchi 26, na kwenda chini ya hapo bila idhini ya shirikisho ni kosa kubwa.

Kuhusu risasi, wengi watakwambia utumie marisau madogo ya ndege ili yasitoboe kuta. Ni kweli hupungukiwa nguvu haraka, lakini kwa sababu hiyohiyo kwa kawaida hayafiki kina cha inchi 12 ndani ya jeli ya majaribio ambacho FBI hukitumia kupima risasi za kujilinda. Risasi ya 00, ambayo huwa na gololi nane au tisa zenye kipenyo cha karibu milimita 8.4, hufika, lakini gololi hizo zikikosa mtu hupita kwenye jipsamu ya ukuta mmoja, wa pili na hata zaidi. Namba 4 ya gololi ndogo 27 inapenya pungufu kidogo, ingawa nayo si ya kuiamini mbele ya chumba cha watoto. Hivyo hesabu yako ianzie kwenye pembe: simama mlangoni pa chumba chenu mchana, bunduki ikiwa mahali pake imefungiwa, nyoosha mkono, uone mstari huo unaishia wapi. Kama unaishia kwenye kitanda cha mtoto, badilisha mahali pa kusimama au hamisha kitanda.

Halafu nenda uwanja wa shabaha na boksi la kadibodi. Watu husema shotigani haihitaji kulengwa kwa sababu inatawanya, lakini kwa mita tano au sita gololi zote za 00 hutua kwenye eneo la kiganja cha mkono, na zile za kampuni ya Federal zenye FliteControl, kikombe kinachozishika gololi pamoja, hubana zaidi ya hapo. Jaribu aina mbili au tatu kutoka umbali mrefu kuliko wote ulioko ndani ya nyumba yako, kisha nunua ile ambayo gololi zote zilibaki kwenye kadibodi.

DadaWaMinnesota

Shikamooni nyote. Naona tunazungumza kana kwamba atakayeishika bunduki hii ni baba mwenye nyumba, wakati yeye mwenyewe ametuambia kwamba atakayekuwa peke yake usiku ni mke wake. Mimi pia ni mwanamke mwenye umbo dogo na nimejifunza kwa kutumia geji 12 ya kawaida (geji ni kipimo cha upana wa mtutu, na namba ikiwa ndogo mtutu ni mpana zaidi), kwa hiyo naomba nilizungumzie hili kwa kirefu kidogo.

Kitako cha kiwandani huwa na urefu wa karibu inchi 14 kutoka kifyatulio hadi begani, na urefu huo ulipangwa kwa mwanamume mrefu. Mwambie shemeji yetu akunje kiwiko pembe mraba, aweke mwisho wa kitako kwenye kikunjo cha ndani cha kiwiko, kisha atazame kama kidole chake kinafikia kifyatulio bila kujinyoosha. Kama hakifiki, atasimama akiwa ameegemea nyuma, mrusho utamsukuma kinyumenyume, na mkono wa mbele hautafika mwisho wa mwendo wa pampu. Hapo ndipo linapotokea tatizo kubwa la bunduki hizi: ukivuta pampu nusu badala ya kuivuta mpaka igonge, ganda halitoki au risasi mpya haiingii, na ukifyatua unasikia mlio mkavu tu. Kitako cha SGA cha Magpul huongezwa na kupunguzwa kwa vipande, kuanzia inchi 12.5 hadi 14.5, na kwangu mimi hayo ndiyo marekebisho ya kwanza, kabla hata ya taa. Kina pia nafuu ya kutokuwa na mpini wa bastola, ambao kwenye Mossberg hukisogeza kidole gumba mbali na kitufe cha usalama.

Namna ya kushika nayo inasaidia sana: mkono wa mbele unasukuma kuelekea shabaha huku wa nyuma unavuta kuelekea begani, na wakati wa kukoki unaachia huo msukumo na kuvuta kwa nguvu zote bila huruma. Ikiwa bado geji 12 inamwonea, msione aibu kuchukua Mossberg 500 ya geji 20, inayopiga polepole zaidi begani na ambayo hupatikana na risasi za gololi namba 3. Ila katika nyumba moja kuwe na geji moja tu. Risasi ya geji 20 ikiingizwa kwa bahati mbaya kwenye bunduki ya geji 12 huteleza na kukwama ndani ya mtutu, na ya geji 12 ikifyatuliwa nyuma yake mtutu hupasuka. Ndiyo maana huku Marekani za 20 hupakwa rangi ya njano.

MkaziWaHouston

Nawashukuru sana. Mke wangu naye alishapata kadi ya kijani, kwa hiyo hilo limetutoka. Nimeazimwa bunduki kwenye uwanja wa shabaha na kile kipimo cha kiwiko kimenifundisha mengi, maana kidole chake kiliishia hewani. Limebaki suala la kuihifadhi. Rafiki yangu anaiweka juu ya kabati ikiwa na risasi kwenye bomba lakini chemba, yaani pale risasi inapokaa tayari kufyatuliwa, ikiwa tupu, akisema mtoto hana nguvu za kukoki, na kwamba mlio wa kukoki peke yake utamkimbiza mwizi.

KaraniWaDuka

Chemba kuwa tupu ni sahihi, na si kwa sababu ya watoto peke yao. Kitufe cha usalama cha bunduki hizi hufunga kifyatulio tu, na bunduki yenye risasi kwenye chemba ikianguka vibaya inaweza kufyatuka yenyewe. Lakini juu ya kabati si mahali pake. Kifungu cha 46.13 cha sheria ya jinai ya Texas kinamhusu mtu ambaye kwa uzembe amemwachia mtoto chini ya miaka 17 nafasi ya kuifikia bunduki iliyo tayari kufyatuliwa, na bunduki yenye risasi kwenye bomba inahesabiwa kuwa tayari hata chemba ikiwa tupu. Mtoto wa miaka tisa anakoki, nimewaona uwanjani wakifanya hivyo pamoja na wazazi wao.

Nunua sefu nyembamba ya ukutani yenye vitufe vya namba vinavyobonyezwa gizani bila kuangalia, ifungwe kwa skrubu kwenye nguzo za mbao na si kwenye jipsamu tupu, na nyote wawili mjue namba hizo kwa vidole.

MlengaShabaha

Kuhusu ule mlio, usiuwekee mpango wowote. Mwizi mmoja atakimbia, mwingine atajua uko wapi. Mpango wenu uwe wa kuwakusanya watoto chumba kimoja, kufunga mlango, kupiga 911 na kubaki nyuma ya kitanda, bila kutoka kuwatafuta watu koridoni. Nunueni pia risasi za bandia za kufanyia mazoezi, muifanye kazi ya kufungua sefu, kukoki mpaka igonge na kuondoa usalama, risasi halisi zikiwa chumba kingine.

DadaWaMinnesota

Jambo moja dogo ambalo dukani hawakumbuki kulisema: kama mtachukua ile inayouzwa pamoja na mtutu wa kuwindia, fungueni bomba la risasi siku hiyohiyo. Mara nyingi ndani yake kuna kijiti kinacholizuia lisibebe zaidi ya risasi mbili, kwa ajili ya sheria ya kuwinda ndege wanaohama, na wengi hugundua kipo siku wanapojaribu kuingiza ya tatu.