Mrejesho: seti ya fimbo za gofu za chuma za mtumba, nimechukua Ping G400

Wakuu, niliomba ushauri hapa: handikapu 16 (kipimo cha uwezo wa mchezaji wa gofu), nacheza uwanja wa Lugalo, Dar, natafuta fimbo za chuma za mtumba zinazosamehe mpira usipogongwa katikati. Wengi mlisema Ping G400, mmoja akanivutia kwa Mizuno JPX 919 Hot Metal.

Zote nzuri. G400, toleo la 2017, imenishinda kwa soli yake pana, yaani sehemu ya chini ya kichwa cha fimbo. Nikigusa ardhi kabla ya mpira, fimbo inateleza badala ya kuchimba. Nikigongea nchani mwa kichwa cha fimbo umbali unapungua, ila mpira hauendi porini kama zamani.

Yule aliyesema nipitishe ukucha kwenye mifereji (michirizi ya usoni mwa fimbo) ya namba 8, 9 na weji (fimbo ya mipigo ya karibu), Mungu ambariki. Seti ya kwanza niliyoonyeshwa inang'aa kama sahani ya harusi, lakini weji imekwisha kabisa, ukucha haunasi popote. Nikaaga. Hii niliyonunua ina mikwaruzo kibao chini, mifereji bado mikali. Nukta ya rangi ambayo Ping huweka kuonyesha mlalo, yaani pembe ya fimbo na ardhi, ni nyeusi: mlalo wa kawaida, unanifaa bila fimbo kupindwa.

Angalizo kwa mtakaofuata: uso wa weji yake umelala digrii 44.5 tu, umesimama mno. Weji ya mchangani ninayo ya digrii 56, katikati pakabaki pengo la kutisha, hivyo nikaongeza ya 50. Iwekeni kwenye bajeti mapema, pamoja na gripu mpya; zile za mwanzo zilishakauka.

Seti yangu ya zamani ipo. Anayeanza aje PM tuelewane.