Tupeane uzoefu: mliowahi kuuguza mtoto kifua kikuu

KijanaWaShela: Waitaliano hapa Malindi tumewazoea, wengine kwa matusi ya Kiswahili wanatushinda. Mzee niliyekuwa nikimtunzia bustani ana kovu shingoni kama kamba. Siku moja nikamwuliza. Kumbe utotoni alilazwa Ospizio al Mare, hospitali ya ufukweni kisiwani Lido, Venice, iliyojengwa karne ya 19 kwa watoto maskini wenye kifua kikuu cha tezi na mifupa. Mtindo huo aliuanzisha daktari Giuseppe Barellai kule Viareggio, miaka ya 1850: jua, maji ya chumvi, chakula cha kushiba. Asubuhi vitanda husukumwa hadi barazani, watoto wakalala wakitazama bahari. Mama huja siku ya ruhusa tu. Mwaka 1943 ikagunduliwa streptomycin, dawa ya kuua vimelea vya kifua kikuu, na dawa zilipozagaa vitanda vya wagonjwa hao vikabaki vitupu. Leo ni gofu. Alinionyesha picha kwenye simu: dirisha halina kioo, mchanga umejaa sakafuni. Akasema, "Kitanda changu kilikuwa pale," akakuza picha kwa vidole mpaka ikawa ukungu mtupu.
Haya, nanyi semeni.

MamaWawili_Mambrui: Wangu alikuwa na miaka 4, shingo ikamvimba. Tukaambiwa mitoki, tukakanda majani. Mama mkwe naye akashikilia apelekwe pwani kila alfajiri avute upepo. Wiki tatu nakwenda na kurudi, uvimbe ukapasuka. Hospitali wakamwanzisha dawa za miezi 6, vile vidonge vya kuyeyusha kwenye maji vyenye ladha ya matunda, vilivyoanza kutolewa Kenya 2016. Alivipenda hadi akawa yeye ndiye ananiamsha! Siku ya kwanza mkojo ulitoka rangi ya chungwa, nikapiga kelele mpaka jirani akaruka ua. Hakuna aliyekuwa amenionya kuwa dawa hufanya hivyo.

Nahodha_Mstaafu: Kaka yangu alikuwa na kibyongo. Tukimcheka, Mungu atusamehe. Nimekuja kujua uzeeni kuwa ni kifua kikuu cha uti wa mgongo.

Mdadisi: Kwa hiyo upepo wa bahari ni uongo?

KijanaWaShela: Si uongo wote. Jua huua vimelea, na chumba kinachopitisha hewa hupunguza kuambukizana. Lakini anayeponya ni dawa. Utafiti wa Madras, India, uliochapishwa 1959, ulilinganisha waliolazwa na waliomeza dawa nyumbani: walipona karibu sawa. Mzee aliposikia hilo alinyamaza, akaomba chai.

MamaWawili_Mambrui: Mimi wangu alimeza dawa mapajani mwangu, alhamdulillahi. Kilichoniuma ni shule. Wiki ya tatu daktari aliandika kuwa haambukizi, mwalimu akaisoma barua, akaikunja, akanirudishia juu ya kizingiti. Mtoto alikaa nyumbani mpaka vidonge vikaisha. Ile barua ninayo, nimeiweka ndani ya juzuu yake.