Bordeaux au Stellenbosch kwa jioni ya kuonja divai na wakwe, Lubumbashi: nichukue zipi?

Kalubwe_Mgeni
Ndugu zangu, salamu. Jumamosi ya mwisho ya mwezi huu wa kumi tutawapokea wakwe zangu hapa Lubumbashi, na tumekubaliana na mke wangu kwamba safari hii hatutajaza meza bia. Tutawaonjesha divai nyekundu za eneo moja lenye sifa, chupa baada ya chupa, ili kila mtu aeleze anachokipata mdomoni. Nimezungukia depo mbili za mjini: ya kwanza inauza Médoc na Saint-Émilion za Bordeaux, Ufaransa, ya pili inauza divai za zabibu za Cabernet Sauvignon na Pinotage za Stellenbosch, Afrika Kusini. Fedha niliyonayo inatosha upande mmoja tu. Nichukue upi?

Mama_Ruashi
Karibu, baba. Wageni ni wangapi? Umetenga dola ngapi? Mezani kutakuwa na mbuzi, samaki au bitoyo (samaki wa chumvi)? Nauliza kwa sababu divai yenye tanini nyingi, ule ukakasi wa maganda ya zabibu, ikikutana na samaki wa chumvi huacha ladha ya chuma mdomoni. Na zaidi ya yote, hizo Médoc ni za mwaka gani? Bordeaux iko karibu na bahari ya Atlantiki na mvua yake haitabiriki, ndiyo maana mwaka ulioandikwa kwenye etiketi una uzito mkubwa. Wa 2016 ulikuwa mwaka mzuri sana, lakini 2013 ulikuwa wa baridi na mvua, na zabibu nyingi zilivunwa kabla ya kuiva sawasawa.

Yaya_Mukuba
Hata kabla hajajibu, mimi nasema Stellenbosch. Kwa dola zile zile atapata Cabernet ya miteremko ya Simonsberg iliyoiva vizuri na iliyo tayari kunywewa, wakati kwa Bordeaux atakuwa analipia jina. Halafu jioni ya kuonja inataka pia mazungumzo, na Pinotage inayaleta yenyewe: mwaka 1925, huko huko Stellenbosch, profesa Abraham Perold aliunganisha Pinot Noir ya Bourgogne na Cinsaut, ambayo wakati huo Afrika Kusini waliiita Hermitage. Hiyo ni zabibu iliyozaliwa Afrika, na wakwe waonje kwanza cha barani kwao. Ukiikuta ya shamba la Kanonkop usiiache, ingawa bei itakuuma.

Mzee_Bel_Air
Yaya, Pinotage iliyotengenezwa vibaya inanuka mpira ulioungua, na nilizoonja za bei ya chini nyingi ndivyo zilivyokuwa. Anayefundisha watu kuonja huanza na msingi. Médoc, ukingo wa kushoto wa mito ya Bordeaux, ni ardhi ya changarawe inayopitisha maji na kutunza joto, na humo Cabernet Sauvignon hutoa divai inayokaza ufizi. Ukingo wa kulia, Saint-Émilion na Pomerol, una udongo wa mfinyanzi na chokaa, na Merlot ya huko ni laini zaidi. Mgeni akiwekewa glasi hizo mbili sambamba ataelewa kazi ya udongo kwa ulimi wake, bila kuhubiriwa. Tena Bordeaux ina madaraja yake tangu 1855, kwa hiyo mnunuzi anajua anachonunua.

Mama_Ruashi
Mzee wangu, kwa heshima, madaraja hayo hayatamsaidia. Yalipangwa na madalali wa Bordeaux kwa ajili ya maonyesho ya Paris ya Napoléon III, nao walifuata bei ambazo kila shamba lilikuwa likiuzia. Kwa divai nyekundu waliorodhesha mashamba ya Médoc na lingine moja tu, Haut-Brion ya Graves. Saint-Émilion na Pomerol hazimo. Daraja la kwanza halikuguswa hadi 1973, Mouton Rothschild ilipopandishwa. Katika depo zetu ndugu yetu atakuta zaidi maneno « Grand vin de Bordeaux » yaliyochapwa kwa dhahabu, ambayo si daraja wala dhamana ya chochote. Afadhali atafute « Mis en bouteille au château », yaani imejazwa chupani shambani kwenyewe, na kwa Médoc, daraja la « Cru Bourgeois ».

Fundi_Kasapa
Mnabishana juu ya udongo, ilhali mimi ningeuliza kwanza chupa hizo zimelala wapi. Mwaka jana, mwezi wa tisa, nilinunua katoni ya Saint-Émilion kwa ajili ya ubatizo wa mwanangu, katika depo moja ya mjini ambayo sitaitaja. Etiketi zilikuwa safi, bei ilikuwa ya kuridhisha, na muuzaji aliapa kwamba mzigo umefika juzi. Siku ya sherehe, nilipokata karatasi ya chupa ya kwanza, nilikuta kizibo kimejisukuma nje ya mdomo wa chupa na pembeni mchirizi wa divai umekauka na kunata. Nikafungua ya pili, ikawa vile vile, na ya tatu pia. Rangi ilikuwa imeelekea kahawia, harufu ilikuwa ya matunda yaliyochemshwa kupita kiasi, na nyuma yake siki. Shangazi yangu, ambaye hajawahi kusoma etiketi ya divai maishani mwake, alinusa glasi, akairudisha mezani kwa adabu na kuomba bia ya Simba baridi.

Niliporudisha katoni, waliniambia kwamba divai ya Ufaransa ndivyo inavyonuka na kwamba aliyezoea bia hawezi kuijua. Nilipochungulia nyuma ya kaunta niliona katoni zimepangwa hadi karibu na bati la paa, na ukiweka mkono juu yake unasikia joto. Divai ikikaa siku nyingi katika nyuzi zaidi ya 30 hutanuka, husukuma kizibo, hewa huingia, na mambo yameisha. Lori lililokaa kwenye foleni ya mpakani Kasumbalesa juani huleta madhara hayo hayo, iwe limebeba Bordeaux au Stellenbosch.

Yaya_Mukuba
Hapo umenisaidia, kaka. Stellenbosch inakuja kwa barabara tu, haivuki bahari, na nyingi zina kizibo cha chuma cha kuzungusha ambacho hakisukumwi.

Mzee_Bel_Air
Kuwafungulia wakwe divai kwa kuzungusha kizibo, kama chupa ya maji! Sitakubali.

Mama_Ruashi
Kila mmoja ana nusu ya haki. Kizibo cha gome la mwaloni kinaweza kubeba TCA, kemikali inayoipa divai harufu ya karatasi zilizolowa, na kile cha chuma kinaepusha hilo kwa kiasi kikubwa. Lakini joto linapika divai hata chini ya chuma, tena bila kukuachia alama ya nje ya kukuonya. Tusubiri majibu ya mwenye swali.

Kalubwe_Mgeni
Nawashukuru nyote, na niwieni radhi kwa kuchelewa. Tutakuwa watu 14, nimetenga dola 150, na chakula ni mbuzi wa kuchoma, bukari (ugali) na sombe (kisamvu). Médoc ni ya 2013 na bei yake imepunguzwa. Saint-Émilion ni ya 2016. Pia baba mkwe ni mstaafu wa kampuni ya madini ya Gécamines aliyesomea Liège, na kwake divai ni ya Ufaransa tu. Mama mkwe hanywi divai isiyo na utamu.

Mama_Ruashi
Baba, hayo ndiyo ungeanza nayo! Médoc ya 2013 iache hapo ilipo. Bei haikupunguzwa kwa huruma. Na umekosea hesabu ya fedha, kwa sababu jioni ya kuonja si jioni ya kunywa: chupa ya sentilita 75 inatoa vipimo 15 vya sentilita 5, kwa hiyo kwa watu 14 chupa moja ya kila aina inatosha. Unaweza kuchukua pande zote mbili, kisha uzifunike chupa kwa karatasi. Ndivyo Steven Spurrier, mfanyabiashara Mwingereza wa divai, alivyofanya Paris mwaka 1976: waamuzi Wafaransa, bila kuona etiketi, waliiweka Cabernet ya Stag's Leap ya Kalifornia mbele ya Mouton Rothschild na Haut-Brion.

Mzee_Bel_Air
Waamuzi wale hawakuwa wakwe wa Spurrier. Ukimfunikia baba mkwe chupa, naye akaisifu ya Afrika Kusini mbele ya watoto wake kama Bordeaux halisi, utakuwa umemtega nyumbani mwako. Onyesheni etiketi.

Yaya_Mukuba
Na akishaziona, papa, ataonja jina. Hata hivyo, Liège iko Ubelgiji!

Fundi_Kasapa
Funika au usifunike, lakini ziweke kwenye friji nusu saa kabla ya wageni. Ile kanuni ya divai nyekundu kunywewa katika joto la chumba ilitokana na vyumba vya baridi vya Ulaya, yaani nyuzi 16 hadi 18. Sebule ya Lubumbashi jioni ya mwezi wa kumi haishuki hadi huko.

Mzee_Bel_Air
Nusu saa naikubali, zaidi ya hapo utaua harufu. Kwa mama mkwe, tafuta Sauternes, divai tamu ya Bordeaux. Ukungu wa asubuhi kutoka mto Ciron huwezesha kuvu ya Botrytis kukausha zabibu juu ya mti hadi sukari ijikusanye, na Château d'Yquem ilipewa daraja la pekee, juu ya zote, mwaka ule ule wa 1855.

Yaya_Mukuba
Kama ni utamu, Constantia, karibu na Cape Town, ilikuwa na mashamba tangu 1685, na Napoléon wa kwanza aliagiza divai yake akiwa kifungoni Saint Helena. Shamba la Klein Constantia wanaitengeneza siku hizi kwa jina la Vin de Constance. Lakini chupa yake ni ya sentilita 50 na bei yake itameza dola za jioni nzima, sawa na Yquem ya Mzee. Ndugu, chukua Chenin Blanc, divai nyeupe, iliyo tamu na iliyovunwa kwa kuchelewa.

Kalubwe_Mgeni
Chenin Blanc nimeiona leo katika depo ya pili, lakini sikusoma kama ni tamu au kavu. Tena muuzaji hakuniruhusu kugusa katoni zilizo nyuma. Ananiletea chupa moja ya mbele tu.

Fundi_Kasapa
Basi usinunue hapo hadi akuruhusu.

Mama_Ruashi
Au nunua chupa moja leo, mfungue nyumbani pamoja na mama, kisha utuambie kizibo kilikuwaje. Na ile Saint-Émilion ya 2016, wanaiuza dola ngapi?