Mtoto wa maskini na chuo binafsi cha gharama: aende au aachane nacho?

Mleta mada:
Wakuu habari zenu. Msimu wa udahili ukifika wazazi wananipigia simu na swali ni lile lile, mtoto kapata chuo binafsi cha bei ya kutisha, hela hakuna, tufanyeje? Msimamo wangu nautoa mapema mnishambulie vizuri: asikikimbie kwa sababu ya bei iliyoko kwenye tovuti, ila asisaini kitu mpaka ajue atadaiwa shilingi ngapi miaka yote minne, sio mwaka wa kwanza tu.

Bei ya tovuti ni ya wenye nazo. Marekani kwa mfano, Princeton tangu 2001 waliondoa mikopo kwenye msaada wao wakaweka ruzuku, hela usiyorudisha. Harvard kuanzia mwaka wa masomo 2025/26, familia ya kipato cha dola 100,000 kwa mwaka kushuka chini, kama haina mali kubwa pembeni, mtoto halipi ada, chumba wala chakula. Kwa hiyo mtoto wa mlinzi anaweza kusoma pale kwa hela ndogo kuliko chuo cha serikali, shida ni kuingia tu, pale ni tundu la sindano.

Vinavyoumiza watu ni vya katikati, ada kama ya wakubwa mfuko mtupu. Niliwahi kuletewa barua ya chuo kimoja, imeandikwa kwa herufi nene "msaada wako wa fedha", mistari mitano, mama mtu kashajumlisha kwa kalamu anatabasamu. Tukaanza mstari mmoja mmoja. Wa kwanza ruzuku, safi. Wa pili ruzuku ila ina sharti la wastani wa alama, ukiteleza inaondoka. Wa tatu mshahara wa kibarua cha chuoni ambacho mtoto hajakianza hata siku moja. Wa nne na wa tano mikopo, mmoja kwa jina la mtoto, mwingine kwa jina la yeye mama. Ukitoa hiyo inabaki chini ya nusu. Akaweka kalamu chini kimya.

Mdau 1:
Mkuu unatisha watu bure. Mimi bila mkopo saa hizi nisingekuwa hapa nabishana na wewe. Tajiri akikopa kujenga ghorofa tunamsifia, maskini akikopa kusoma mnamuonea huruma, kwanini?

Mdau 2:
Tajiri akikwama anauza ghorofa, wewe shahada utamuuzia nani? Halafu huko huko Marekani hata ukifilisika mahakamani deni la shule halifutiki kirahisi kama madeni mengine. Na anayeumia kuliko wote ni yule anayeishia mwaka wa tatu, deni analo cheti hana, huyo mbona hamumtaji?

Mleta mada:
Mdau 1 sijasema asikope hata senti, nasema mkopo usiitwe msaada. Kakope, lakini jua rejesho la mwezi ni kiasi gani ukilinganisha na mshahara wa kuanzia wa hiyo kozi, sio mshahara wa ndotoni.

Na barua sio msahafu jamani. Baba kaachishwa kazi, kuna mgonjwa nyumbani, waandikie ofisi ya fedha ya chuo na vielelezo, waombe wapige hesabu upya, na kama una ofa nzuri ya chuo kingine iweke mezani. Uliza pia ukipata skolashipu ya nje wanakata wapi, maana kuna vyuo vinapunguza ruzuku yao badala ya kupunguza mkopo, unahangaika kutafuta skolashipu halafu anayenufaika ni chuo.

Yule mama aliandika. Wakaongeza kidogo, haikutosha, mtoto kaenda chuo cha serikali. Mama ananishukuru, mtoto mpaka leo salamu yangu anaiitikia kwa pembeni. Kwa hiyo mnaoniona nimekosea mko na mwenzenu, karibuni.