Ameokoka, lakini jina lake bado liko kwenye daftari langu: amehesabiwa haki au la?

Mwenye duka, Kayole:
Kwenye kaunta nina daftari la madeni, lile la jalada jeusi. Ukurasa mmoja ni wa jamaa wa ploti ya nyuma: unga, mafuta, sukari, tokeni za stima. Jumla 3,400. Jumapili alisimama kanisani akashuhudia kwamba deni lake lote limefutwa msalabani. Vigelegele! Jumatatu akapita hapa ameangalia ng'ambo. Nilipomwita, akanisomea Warumi 3:28: "mwanadamu huhesabiwa haki kwa imani pasipo matendo ya sheria." Mimi naona imani hiyo ni ya mdomo. Wenye kujua Maandiko, semeni.

Mwanafunzi wa teolojia, Ngong Road:
Ndugu, hayo ni madaftari mawili. Kweli Paulo anatumia neno la hesabu, lile lile la Mwanzo 15:6: Ibrahimu aliamini, akahesabiwa haki. Tohara yake inakuja sura ya 17. Yaani haki ilitangulia, alama ikafuata, na hapo ndipo hoja nzima ya Warumi 4 inasimama. Hakimu wa mahakama ya Milimani akimwachilia mshtakiwa, hajamgeuza kuwa mtu mwema. Ametangaza tu kwamba hana hatia. Hivyo ndivyo Mungu anavyomtangaza mwenye dhambi, kwa ajili ya Kristo. Ila 3,400 zako hakuna aliyezifuta. Jamaa amesoma mstari mmoja akafunga kitabu.

Mzee wa jumuiya, Buruburu:
Kijana, mfano wako wa hakimu ndio unaozaa watu kama huyo. Martin Luther, yule aliyeanzisha Uprotestanti, alipotafsiri Agano Jipya mwaka 1522 aliongeza "peke yake" baada ya "imani" kwenye mstari huo wa Warumi 3:28, Paulo hakuliandika. Biblia inasema "imani peke yake" mahali pamoja tu, Yakobo 2:24, na inasema mtu HAHESABIWI haki kwa hiyo. Mtaguso wa Trento, yaani mkutano mkuu wa maaskofu Wakatoliki, ulifundisha mwaka 1547 kwamba neema hutangulia, hatuinunui, lakini inambadilisha mtu ndani kweli kweli. Haiishii kwenye tangazo. Na kwenye kitubio, yaani ukienda kuungama, ukikiri kwamba umekula cha mtu, padri atakuambia ukirudishe.

Mwanafunzi wa teolojia:
Mzee, Luther huyo huyo, katika dibaji yake ya Warumi, aliiita imani kitu kilicho hai, kisichoweza kukaa bila kutenda mema. Na tarehe 31 Oktoba 1999, kule Augsburg, Wakatoliki na Walutheri walitia sahihi tamko la pamoja kuhusu kuhesabiwa haki: tunakubaliwa kwa neema, si kwa stahili zetu, na Roho anatuwezesha kutenda mema. Wamethodisti wakajiunga 2006. Tofauti zimebaki, lakini sisi huku bado tunarushiana mawe ya mwaka 1547.

Dereva wa matatu:
Na wale wahubiri wa "panda mbegu ya elfu moja ufunguliwe", wanaotaka sadaka kwanza? Hao wako upande gani, imani au matendo?

Mama wa Uamsho, Kikuyu:
Hao waache kwanza. Wanangu, mnabishana sana. Uamsho, lile vuguvugu la wokovu lililotoka Gahini, Rwanda, miaka ya 1930, lilipofika kwetu, mtu akiokoka alirudisha jembe la jirani. Hakuna aliyedhani jembe limemnunulia mbingu. Alikuwa ameshasamehewa, na jembe likawa linamchoma mkononi. Msomeni Zakayo (yule mtoza ushuru wa Luka 19, si Rais Ruto aliyebandikwa jina hilo kwa sababu ya kodi). Yesu alijialika kwake kabla hajatoa senti. Ndipo akasema atarudisha mara nne. Wewe wa duka, mwanangu, mwite huyo ndugu pembeni. Usimwanike.

Mwenye duka:
Nimekusikia, mama. Amekuja jioni hii mwenyewe na 500. Nimeandika: bado 2,900. Kisha akaomba mkate na maziwa kwa mkopo, 130. Sasa ni 3,030.