MNANIITA MAMLUKI, MAANA YAKE MNAIJUA?

Asalam alaykum. Leo nimechoka wallahi na ntasema. Mie nafanya kazi kwa tajiri mmoja hapa Wete anauza mabati na saruji, na mie ndo ninaezunguka na daftari kudai madeni. Jana laasiri nafika barzani, hata vespa sijaizima, jamaa mmoja na kikombe chake cha kahawa anapaza sauti "mamluki wa tajiri huyo kaja". Watu wakacheka. Mwengine akajifanya mwalimu, ati mamluki ni neno la Kitaliana, vijana wa mafia wanaotumwa kuvunja watu miguu na bosi wao hawamsaliti hata wafe. Kitaliana! Barza nzima watu wamesoma chuoni na hakuna hata mmoja aliesema yakhe hicho Kiarabu.

Mamluki ni aliemilikiwa, ndo hiyo hiyo milki mnayogombania kila siku kwenye mashamba ya mikarafuu. Walikuwa watoto wa Kituruki na wa huko milima ya Caucasus, wananunuliwa, wanasilimishwa, wanafundishwa farasi na upinde halafu wanaachwa huru wawe askari wa aliewanunua. 1250 wakaichukua Misri wenyewe wakaitawala mpaka Waothmani walipoingia 1517. Na huo utiifu mnaousifu sijui mmeutoa wapi, maana 1260 waliwapiga Wamongoli pale Ain Jalut, huko Palestina, chini ya sultani wao Qutuz, nae ni mamluki mwenzao, na njiani wakirudi, hata Cairo hawajafika, Baybars, jemadari wake mwenyewe, na wenzake wakamuua Qutuz na kiti akakalia Baybars. Sasa mtiifu hapo nani?

Sie tukalichukua neno tukalitia kwenye mpira, mchezaji wa skuli nyengine akivaa jezi yenu mamluki huyo, mnapokwa pointi. Hiyo naielewa, mtu wa kuazima. Lakini mie jamani? Mamluki alitolewa pesa, akapewa na farasi. Mie mshahara wa miezi miwili sijauona na mafuta ya vespa natia mwenyewe!

Na wewe uliepaza sauti, mabati 12 ya tokea kabla ya Ramadhani, ukurasa wa tatu. Kesho laasiri napita tena na barza ile ile.